Fundi Anajibu: Hita Inapozima Katikati ya Baridi

Tangu baridi ianze kuuma, barua za wasomaji wetu walioko Uingereza zimekuwa na lalamiko moja: nyumba ililala na joto, ikaamka baridi. Karibu wote waliotuandikia wana boila ya gesi ya ile aina inayopasha maji ya rejeta (vile vyuma vya ukutani vinavyotia joto vyumba) na maji ya kuogea kwa pamoja, bila tangi la kuhifadhia, kwa hiyo majibu yangu yanaihusu boila hiyo. Ninaomba jambo moja lieleweke mapema. Mwenye nyumba au mpangaji anaweza kutazama, kusikiliza, kubadilisha betri, kuongeza maji na kutoa hewa. Kifuniko kikubwa cha boila hakifungui. Kanuni za usalama wa gesi za mwaka 1998 zinakataza mtu asiye na ujuzi kufanya kazi ya gesi, na fundi wa kulipwa lazima awe ameandikishwa katika daftari la mafundi wa gesi liitwalo Gas Safe, ambalo lilichukua nafasi ya lile la zamani, CORGI, mwezi Aprili 2009.

SWALI: Fundi, salamu sana. Ninaishi Leicester na watoto watatu. Juzi alfajiri tuliamka nyumba ni baridi, bombani hamna maji ya moto, boila inamulika na kuandika F.22, na mshale wa geji ya presha umelala karibu na sifuri. Jirani ananiambia nifungue ule mpira wa rangi ya fedha ulio chini ya boila ili maji yaingie. Mume wangu anasema nikiugusa nitalipua nyumba. Nimsikilize nani? (Mama wa Watatu, Leicester)

JIBU: Dada yangu, jirani yako yuko sahihi. Mumeo naye si wa kulaumiwa kwa kuogopa, ila anaogopa bomba lisilohusika: mpira huo uliosukwa kwa nyuzi za chuma hupitisha maji tu, wala haukutani na gesi popote. Maji ya rejeta si yale mnayooga. Ni maji yaliyofungiwa ndani ya mabomba, yanayotoka kwenye boila, yakazunguka rejeta zote na kurudi yalikotoka, na ili pampu iweze kuyapandisha hadi ghorofani ni lazima yawe na presha ya kutosha. Mfumo ukiwa umepoa, mshale unatakiwa kusimama kati ya 1 na 1.5 bar, yaani kipimo cha presha. Ukishuka sana chini ya hapo, boila hujizima yenyewe, kwa kuwa kuwasha moto pasipo na maji ya kutosha kungeharibu kile kifaa cha ndani kinachopokea joto la gesi. Alama ya F.22 kwenye boila za Vaillant ndiyo hiyo, maji hayatoshi. Boila za kampuni nyingine zina alama zao, na zote zimeelezwa kwenye kijitabu chake.

Anza kwa kuzima boila kwenye swichi yake na kuiacha ipoe kabisa, kwa sababu geji ya mfumo wenye joto inadanganya. Angalia kama mpira umekazwa pande zote mbili. Kanuni za maji zinataka utenganishwe kila baada ya kujaza, na ndiyo maana katika nyumba nyingine utaukuta unaning'inia upande mmoja au umetupwa kabatini. Kila upande una valvu ndogo. Baadhi zina mkono wa plastiki, baadhi zina ufa wa kuingiza bisibisi bapa, lakini kanuni ni moja: mkono au ufa ukilala sambamba na bomba, njia iko wazi, na ukikingama, imefungwa. Fungua ya kwanza yote, kisha ya pili polepole, jicho likiwa kwenye geji. Utasikia maji yakipita kwa mvumo. Mshale ukikaribia 1.5 funga zote mbili, hakikisha mvumo umekoma, ndipo uwashe boila na kubonyeza kitufe cha kuianzisha upya. Boila nyingine hazina mpira wa nje, zina kijimkono au ufunguo wa plastiki chini ya tumbo lake, na hapo kijitabu kitakuonyesha.

Mfumo ukishapata moto, mshale utapanda kidogo, pengine ukaikaribia 2, na hiyo ni kawaida kwa kuwa maji hutanuka. Ukiwa umejaza kupita kiasi, utapunguza kwa kutoa maji kidogo kupitia rejeta mojawapo, kazi ambayo nimeieleza kwa msomaji wa Milton Keynes hapa chini.

Hujauliza, lakini lililo zito zaidi ni hili: maji yaliyopungua yamekwenda wapi? Kama ni mara moja kwa mwaka, au ni baada ya kutoa hewa kwenye rejeta, usijisumbue. Kama mshale unashuka kila wiki, maji yanavuja mahali. Chukua karatasi laini ya jikoni, ipitishe chini ya kila valvu ya rejeta na kila kiungo cha bomba unachokifikia. Karatasi hushika unyevu ambao jicho haliuoni. Tafuta pia madoa ya kijani kwenye shaba, ukoko mweupe kama chokaa, na dari iliyobadilika rangi. Usipoona kitu ndani, toka nje utafute kibomba cha shaba kinachotokeza ukutani, upande wa pili wa pale ilipo boila, na kurudi kuelekea ukuta. Hicho ni kinywa cha valvu ya usalama, ambayo hufunguka presha ikifika 3 bar. Kikiwa kinadondosha, au ukuta chini yake umelowa, basi ninashuku tangi la kutanukia.

Tangi hilo ni kopo la chuma lililomo ndani ya boila, lenye maji upande mmoja na hewa upande wa pili, na kati yake utando wa mpira. Maji yakitanuka kwa moto, hewa hubanwa na kuyapa nafasi. Hewa ikiisha au utando ukipasuka, maji hukosa pa kwenda: mshale unakimbilia 3 hita ikiwa imewaka, valvu inamwaga maji nje, na usiku mfumo ukipoa mshale unaanguka hadi sifuri. Mwenye nyumba hujaza tena asubuhi, na jioni mchezo ni ule ule. Nimeona watu wakijaza hivyo msimu mzima. Kila maji mapya yanapoingia huingia na hewa ya oksijeni inayokula chuma cha rejeta kwa ndani, kwa hiyo anayejaza kila siku ananunua kutu. Mwite fundi, mweleze kwa maneno hayo hayo kwamba mshale unapanda hadi 3 na kushuka hadi sifuri, naye atajua pa kuanzia kabla hajafungua mkoba wake.

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi Sheffield, tunaishi vijana wanne katika nyumba ya kupanga. Usiku wa jana barafu ilianguka, na leo asubuhi boila inajaribu kuwaka, inabwabwaja kama mtu anayesukutua, kisha inazima. Geji iko 1.3 na gesi ya kupikia ipo. Mwenye nyumba hapokei simu. (Mwanafunzi, Sheffield)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeeleza vizuri hata nusu ya kazi umeshaifanya: maji yapo, gesi ipo, barafu imeanguka na boila inabwabwaja. Bomba la majitaka ya boila limeganda.

Boila za sasa hunyonya joto hata kutoka kwenye moshi wake, na moshi huo ukipoa mvuke uliomo hugeuka maji. Nchini Uingereza boila za namna hiyo zimekuwa za lazima kwa wengi wanaobadilisha boila tangu Aprili 2005, kwa kuwa zinaokoa gesi, na maji hayo, yenye asidi kidogo, hutolewa kwa bomba jembamba la plastiki, aghalabu jeupe, linaloishia kwenye mfereji wa majitaka. Mafundi wengi walilipitisha bomba hilo nje ya ukuta bila kulivika chochote. Desemba ya mwaka 2010, iliyokuwa na baridi kali kuliko Desemba yoyote nchini humo kwa muda wa miaka 100, mabomba hayo yaliganda mtaa hadi mtaa na simu za mafundi hazikunyamaza. Maji yakikosa njia hurudi ndani ya boila, boila inajifungia kwa usalama wake, na sauti unayoisikia ni maji hayo yakichemkachemka mahali yasipopaswa kuwapo.

Fuata bomba hilo kutoka chini ya boila hadi linapotokeza nje. Mara nyingi huganda kwenye kona, au pale linapoinama, au mdomoni pake. Chemsha maji, kisha yaache yapoe mpaka mkono uweze kuyavumilia, uyamimine polepole juu ya bomba kuanzia pale unaposhuku. Maji yanayochemka huweza kulipasua bomba la plastiki lililoganda, kwa hiyo usiwe na haraka. Chupa ya mpira ya maji ya moto iliyofungwa na taulo hufanya kazi hiyo hiyo kwa utulivu zaidi. Utakaposikia kipande cha barafu kikiporomoka ndani, au kuona maji yakitiririka mfereji, rudi ndani ubonyeze kitufe cha kuianzisha upya. Iache ijaribu mara moja au mbili, si zaidi. Kisha mwaga chumvi pale ulipomwaga maji, maana njia hiyo itaganda tena na wenzako watateleza. Na kama bomba liko juu ambako huwezi kulifikia ukiwa umesimama chini, usipande ngazi kwenye barafu, msubiri fundi.

Hilo litakuokoa leo. Mwenye nyumba akipatikana, mwombe bomba livikwe sponji la kuzuia baridi lisiloharibiwa na mvua, na sehemu ya nje iwe na kipenyo cha milimita 32 badala ya lile jembamba la milimita 21.5. Ni kazi ya saa chache na haina gharama kubwa.

SWALI: Hapa kwetu Reading maji ya kuogea ni ya moto kabisa, lakini rejeta zote ni baridi. Nimebonyeza kila kitufe. Je, boila imekufa? (Bwana wa Reading)

JIBU: Haijafa, ndugu yangu. Maji ya moto yanayotoka bombani ni ushahidi kwamba gesi, umeme, moto na presha viko sawa, kwa hiyo tatizo lako liko katika kuiambia boila ipashe nyumba, au katika kuyafikisha maji kwenye rejeta.

Anza na themostati ya ukutani, kile kifaa cha kuchagulia kiwango cha joto. Ipandishe hadi nyuzi 30 na usikilize. Nyingi hutoa mlio mdogo wa "tik", na boila inapaswa kuitikia ndani ya dakika moja au mbili. Kama ni ile isiyo na waya, badilisha betri zake hata kama kioo bado kinaonyesha namba, kwa kuwa betri hafifu huweza kuwasha kioo na kushindwa kutuma ishara. Angalia pia imewekwa wapi. Ikiwa imewekwa kando ya jiko au juu ya televisheni, yenyewe inaamini nyumba nzima ina joto.

Kisha tazama saa ya programa, ile inayopanga hita iwake na kuzima saa ngapi. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma, na si kila programa hujirekebisha. Umeme ukikatika, baadhi hupoteza saa kabisa na kuanza kuhesabu kutoka sifuri, na hita inayotakiwa kuwaka alfajiri ikawaka nyote mmekwenda kazini. Nimewahi pia kuitwa kwenye nyumba ambayo mzee wa watu alikuwa ametega hita kwa saa zetu: alitaka iwake saa kumi na mbili asubuhi, akaandika 12:00, na ilikuwa ikiwaka adhuhuri kwa uaminifu kila siku. Saa kumi na mbili asubuhi huandikwa 06:00.

Ikiwa themostati na saa havina kasoro, na boila inaitikia lakini rejeta hazipati moto, lililobaki ni la fundi. Ndani ya boila mna valvu ya kugeuza njia, ambayo hupeleka maji ya moto upande wa kuogea unapofungua bomba na kuyarudisha upande wa rejeta unapolifunga. Ikikwama upande mmoja, upande wa pili hukosa. Ungekuwa umeona dalili yake wakati wa kiangazi: rejeta iliyo karibu na boila hupata uvuguvugu kila mtu anapooga ilhali hita imezimwa. Kama uliona hivyo, mwambie fundi.

SWALI: Mita yangu ya gesi ni ya kulipia kabla. Niliweka pauni 10, lakini boila inaandika F.28 na haiwaki. Pesa zimekwenda wapi? (Dada wa Coventry)

JIBU: F.28 kwenye Vaillant maana yake boila imejaribu kuwaka ikashindwa, na kwa mtu mwenye mita ya kulipia kabla jambo la kwanza ni kuwasha jiko la gesi. Jiko nalo likikataa, boila haina lawama.

Mita hii inafanana na LUKU ya Tanzania au tokeni za Kenya, ila ina tozo ya kila siku inayohesabiwa hata usipotumia gesi. Ukikaa kiangazi chote bila kuongeza pesa, deni la tozo hiyo hujikusanya kimyakimya, na pauni 10 za kwanza za msimu wa baridi huishia kulilipa deni hilo na mkopo wa dharura uliokuwa umechukua. Soma kioo cha mita kabla ya kulaumu duka. Pia gesi iliyokatika kwa kukosa salio hairudi yenyewe katika mita nyingi. Zima jiko na kila kifaa cha gesi, bonyeza kitufe cha mita kadiri maelekezo yanavyosema, kisha ndipo uianzishe boila upya. Ukiwa huna pesa kabisa, ipigie simu kampuni inayokuuzia gesi: kanuni za Ofgem, mamlaka ya nishati, zinaitaka itoe mkopo wa ziada kwa mteja aliye katika hali ngumu, hasa mwenye mtoto mchanga, mgonjwa au mzee.

SWALI: Mama mkwe amekuja kutoka Tanga, na chumba chake cha juu rejeta ina moto chini na baridi juu. Sebuleni ni kinyume, moto juu na baridi chini katikati. Ya tatu, iliyo chumbani kwa watoto, ni baridi kote. Nyingine ziko sawa. Ni ugonjwa mmoja au mitatu? (Mkwe Mwema, Milton Keynes)

JIBU: Ni mitatu, na umeipambanua vizuri kwa kiganja chako.

Rejeta ya mama mkwe ina hewa. Hewa hukimbilia juu na kuzuia maji yasipande. Zima hita, subiri rejeta ipoe, weka kitambaa na kikombe chini ya kile kitundu kilicho pembeni juu, kisha ingiza kiufunguo chenye tundu la mraba, kinachouzwa kwa bei ndogo katika maduka ya vifaa, na ukizungushe kinyume cha mwendo wa saa, robo hadi nusu ya mzunguko, usiifungue skrubu ya kitundu hicho ikatoka yote. Hewa itatoka kwa mlio wa "sss". Maji yakianza kudondoka bila kukatika, funga. Baadaye tazama geji, kwa sababu hewa ikitoka presha hushuka, na pengine utalazimika kuongeza maji kama nilivyomweleza dada wa Leicester. Asubuhi ukiona rejeta hiyo hiyo ina hewa tena, na wiki ijayo tena, usiendelee kuifungua tu. Chuma kinacholiwa na kutu huzalisha haidrojeni, gesi inayoshika moto, kwa hiyo usiwe na sigara wala kiberiti karibu unapoitoa.

Sebuleni pana tope. Kutu nyeusi hutua chini katikati ya rejeta na kuyafanya maji yapite juu yake. Maji uliyokinga kikombeni kutoka chumba cha mama mkwe yatakupa habari: yakiwa meusi kama wino, mfumo mzima unahitaji kusafishwa na fundi, kutiwa dawa ya kuzuia kutu, na kufungiwa kichujio chenye sumaku kwenye bomba linalorudi kwenye boila. Usikubali kuuziwa boila mpya kabla mabomba hayajasafishwa, kwani tope hilo litaiziba mpya kama lilivyoiziba ya zamani.

Ya watoto ndiyo rahisi kuliko zote, na watu wengi huiacha baridi miaka. Upande mmoja wa rejeta pana kichwa chenye namba kutoka 1 hadi 5. Kiangazi kizima kilikaa kimefungwa, na pini ndogo iliyo chini yake imenasa. Kifungue hadi namba ya juu, kisha ulegeze pete inayokishikilia na kukivua. Utaona pini ya chuma iliyosimama katikati. Ibonyeze kwa kitu bapa, taratibu. Inatakiwa kuzama na kurudi yenyewe. Ikigoma kurudi, ibonyezebonyeze na kuigonga valvu ubavuni kwa mpini wa bisibisi. Usiivute kwa koleo, maana ikichomoka maji yatafuata. Ikirudi juu, utasikia maji yakipita, na bomba litaanza kupata joto mkononi mwako.

SWALI: Fundi, tunaishi Barking na mtoto wa miezi minane. Hita imeharibika siku ya tisa leo, mwenye nyumba anasema fundi wake yuko safari. Usiku ninawasha oveni ya gesi na kuuacha mlango wake wazi, na jioni ninaweka chetezo cha mkaa na ubani chumbani kwa mtoto, kinasaidia kidogo. Tundu la hewa la ukutani nimeliziba kwa fulana. Je, nisimamishe kodi mpaka atengeneze? (Mama Mchanga, Barking)

JIBU: Mama, kabla ya kodi, leo hii ondoa fulana ukutani, zima oveni, na chetezo kitoke chumbani kwa mtoto. Mkaa unaowaka, hata vipande viwili vya kufukizia ubani, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na oveni inayowaka kwa saa nyingi katika nyumba iliyofungwa hutoa pia. Kule nyumbani madirisha huwa wazi na hewa inapita. Nyumba ya Uingereza katika majira ya baridi imezibwa kila ufa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, na mtu hudhani ni mafua, isipokuwa mafua hayapungui ukitoka nje na kurudi ukiingia ndani. Mtoto wa miezi minane hawezi kukueleza kichwa kinamuuma. Ukiona dalili hizo kwa yeyote, tokeni nje kwanza, mpige 0800 111 999, nambari ya dharura ya gesi inayopokelewa usiku na mchana, na mtafute daktari siku hiyo hiyo. Nambari ni hiyo hiyo ukisikia harufu ya gesi, na hapo usiguse swichi yoyote ya taa.

Kwa joto la usiku, tumia hita ya umeme yenye mafuta yaliyofungiwa ndani yake, iliyochomekwa moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuongezea, mbali na pazia na nguo zinazoanikwa, na kusanyikeni chumba kimoja. Mwombe mwenye nyumba akuazime. Wengi hukubali wakiombwa kwa maandishi.

Sasa mwenye nyumba. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 1985 kinamlazimu kuitengeneza mitambo ya kupasha nyumba na maji, na hawezi kuuhamishia kwako mzigo huo kwa kuuandika kwenye mkataba wa upangaji. Sheria haitaji idadi ya siku, inasema muda unaostahili, na muda unaostahili kwa nyumba yenye mtoto mchanga wakati wa baridi ni mfupi kuliko safari ya fundi mmoja. Anatakiwa pia kukupa kila mwaka nakala ya hati ya ukaguzi wa gesi, ndani ya siku 28 baada ya ukaguzi, na tangu Oktoba 2022 kuweka king'ora cha kaboni monoksaidi katika kila chumba kinachotumiwa na wakaaji chenye kifaa kisichohamishika kinachochoma mafuta au gesi, jiko la gesi likiondolewa. Kama huna hati na huna king'ora, vitaje katika barua.

Kodi usiisimamishe. Ninaelewa uchungu wako, lakini malimbikizo ya kodi humpa mwenye nyumba sababu ya kukupeleka mahakamani, na hoja ya hita huenda isiyafute. Andika badala yake, kwa barua pepe au ujumbe wa simu unaobaki na tarehe: hita na maji ya moto havifanyi kazi tangu siku fulani, nyumbani mna mtoto wa miezi minane, themostati chumbani inasoma nyuzi kadhaa, na unaomba fundi mwenye kitambulisho cha Gas Safe afike ndani ya saa 24. Ambatisha picha ya kioo cha boila na ya themostati. Simu zote ulizokwisha kupiga zitaje kwa tarehe. Asipojibu, peleka nakala hizo kwa idara ya afya ya mazingira au ya nyumba za kupanga katika halmashauri ya eneo lako; baridi iliyokithiri ni miongoni mwa hatari ambazo maofisa wake wana mamlaka ya kuzikagua na kumwamuru mwenye nyumba kuziondoa. Wapigie simu pia, usingojee barua tu, na neno la kwanza liwe umri wa mtoto.

Fundi atakapofika, mwombe kitambulisho mlangoni. Kina picha yake na nambari, na nyuma yake pameorodheshwa aina za kazi alizohitimu. Soma upande huo wa nyuma, uhakikishe boila zimo.